Upepo Kwanza, Moto Baadaye

Zamani, kabla ya nguzo za umeme kufika kila kona ya Bisil, huku Kajiado, unga ulianza kwa kuzungusha hendeli. Injini ya dizeli aina ya Lister ilisimama ndani ya kibanda cha mabati, na mwenye kinu hakuiwasha kwa pupa. Kwanza aliinua kijiti kidogo kilichokuwa juu ya silinda, ili vali ibaki wazi na hewa isibanwe. Kisha akazungusha hendeli, taratibu, halafu kwa nguvu, mpaka gurudumu zito la chuma likawa linamvuta yeye badala ya yeye kulivuta. Hapo ndipo alipokiangusha kile kijiti. Hewa ikabanwa, mafuta yakashika, bomba la juu ya paa likatema pete ya moshi mweusi, na mbuzi waliolala kivulini wakainuka wote kwa pamoja.

Sisi watoto tuliotumwa na debe la mahindi tulingoja kelele ianze ili tusagiwe twende zetu. Mzee mmoja alikuwa akija kusikiliza. Alisimama nje ya kibanda, shuka begani, rungu kwapani, uso ameelekeza barabara ya Namanga kana kwamba anangoja basi. Siku moja mwenye kinu alikiangusha kijiti mapema mno. Gurudumu likasita, injini ikakohoa mara mbili, ikafa. Mzee hakugeuka. Alisema tu, "Umempa moto kabla hajapata mwendo."

Miaka ilipita kabla sijajua sentensi ile alikuwa ameitoa wapi. Ujana wake aliutumia kwenye uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, akiwa fundi wa ndege wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, chini ya matumbo ya ndege kubwa zilizokwenda London. Kazi yake moja ilikuwa kusimama mbele ya pua ya ndege, vifunika masikio kichwani, wakati injini zinapowashwa. Aliniambia kuwa kinu cha Bisil na injini ya jeti ni watoto wa mama mmoja, ila mmoja alipelekwa shule. Na sheria ya nyumba yao ni moja: mpe upepo kwanza, ndipo umpe moto.

Nimekuwa nikimsikiliza tangu hapo. Ninayoandika hapa ni shukrani kwa ufundi ambao abiria hawauoni, maana wakati unapofanyika wao wanafunga mikanda na kutafuta mahali pa kuweka mkoba.

*

Sauti ya ndege ya abiria ya jeti iliijua Afrika Mashariki tangu siku zake za kwanza duniani. Safari ya kwanza kabisa ya ndege ya jeti yenye abiria waliolipa nauli iliondoka London tarehe 2 Mei 1952. Ndege ilikuwa Comet ya shirika la BOAC, iendayo Johannesburg, na njia yake ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Kwa hiyo kabla watu wa New York hawajapata safari zao za jeti zenye abiria waliolipa nauli, wachuuzi wa samaki kando ya Ziwa Victoria walikwisha kuinua vichwa.

Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, sehemu kubwa ya kazi yake ikiwa imefanywa kwa jasho la wafungwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Mau Mau. Miaka miwili baadaye, 1960, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kurusha Comet 4 zake lenyewe, zenye injini nne za Rolls-Royce Avon zilizofichwa ndani ya mabawa, pale yanapoungana na kiwiliwili. Kisha mwaka 1966 zikaanza kuwasili Super VC10.

Mzee akilitaja jina hilo hupunguza sauti. Shirika lilikuwa na tano, na herufi zao anazitaja kama mtu anayetaja ng'ombe wa baba yake: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ, 5H-MOG. Atakuambia kuwa 5X ni Uganda, 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania, kwa sababu shirika lilikuwa la ndugu watatu na kila mmoja alitaka kuona alama yake mkiani. Hiyo ya kwanza, 5X-UVA, ilipotea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, iliposhindwa kuruka ikatoka nje ya njia yake. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Chanzo hakikuwa injini. Mzee husema hivyo, kisha hunyamaza.

VC10 iliundwa na kampuni ya Vickers kwa ajili ya viwanja kama Nairobi: vya juu, vyenye jua kali, vilivyo mbali na bahari. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, hewa hukandamiza kwa nguvu pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa, na adhuhuri yenye joto huifanya nyepesi zaidi. Bawa hupata kidogo cha kushika, injini hupata kidogo cha kupumua. Wahandisi wakaamua kuyaacha mabawa wazi yafanye kazi yake yote ya kuinua, wakazihamisha injini zote nne nyuma, mbili kila upande wa mkia. Injini zenyewe zilikuwa Rolls-Royce Conway, jamii ya kwanza duniani ya injini za ndege za abiria kupitisha sehemu ya hewa pembeni ya moto badala ya kuipitisha yote ndani yake.

Kuziweka nyuma kulileta jambo ambalo mzee ndiye alinifumbua macho kuhusu uzito wake. Super VC10 ilikuwa na urefu wa mita 52. Rubani alikaa puani, zaidi ya mita 30 kutoka kwenye injini zake. Abiria wa mbele walisifu ukimya, nao ukimya huo ulitangazwa na kuuzwa pamoja na tiketi. Lakini wakati wa kuwasha, ukimya ule ulikuwa na maana kwamba walioshika vishikio ndio waliosikia kidogo kuliko wote. Walikuwa na saa za vipimo. Sikio lilikuwa chini, kwenye saruji, limevaa viatu vya usalama.

*

Hebu tusimame pale alipokuwa akisimama.

Fundi yuko mbele, upande mmoja wa pua, mahali ambapo rubani anaweza kumwona. Waya wa simu umechomekwa kwenye ubavu wa ndege. Ameshazunguka kuona kwamba hakuna kigari nyuma, hakuna mtu, hakuna kokoto wala kitambaa mbele ya midomo ya injini, kwa sababu mdomo wa injini ya jeti hauchagui cha kumeza. Anaangalia pia upepo unatoka wapi. Upepo mkali unaoingia kwa nyuma hushindana na injini na kuizuia kupata mwendo, na injini inayochelewa kupata mwendo hupata joto. Mkono mmoja unainuka na vidole vya namba: ya tatu. Mkono wa pili unachora duara hewani.

Kitu cha kwanza kusikika ni mluzi, nao hautoki kwenye injini yenyewe. Ni hewa iliyobanwa, itokayo kwenye mtambo mdogo wa ndani ya ndege au kwenye kigari cha hewa kilichoegeshwa kando na kuunganishwa kwa bomba nene kama paja. Hewa hiyo inapuliza kigurudumu kidogo cha mabapa kilichounganishwa kwa meno na mhimili wa injini. Hapa bado hakuna moto popote. Kuna pumzi tu inayoazimwa kutoka nje, kama mfua chuma anayevuta mvukuto kabla hajaweka chuma kwenye makaa.

Chini ya mluzi huo huanza kitu kingine, kizito na cha polepole. Injini nyingi za zamani zina mihimili miwili, mmoja ndani ya mwingine. Upepo wa kuwashia huuzungusha ule wa nje, wa shinikizo kubwa. Wa ndani, wenye mabapa makubwa ya mbele, haujaguswa na mtu. Unangoja hewa inayovutwa na mwenzake iufikie. Ukianza kujongea, mabapa ambayo mashina yake yamelegea kidogo kwenye vishikio vyao hugongana taratibu, kacha, kacha, kacha. Mzee anasema ni sauti ya mwanamke aliyevaa shanga zake zote, anayekuja kwenye sherehe bila haraka. Yeye aliingoja sauti hiyo na macho yake yakiwa kwenye mdomo wa injini. Akiyaona mabapa ya mbele yanazunguka, na yanazunguka upande unaotakiwa, alisema kwenye simu kuwa inazunguka. Mbele kule, mhandisi aliyekaa nyuma ya marubani alikuwa akiitazama saa ya mwendo ikipanda.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kwenye injini ya Pratt & Whitney JT8D, ile ya DC-9 na Boeing 727, mafuta hayafunguliwi mpaka mhimili wa shinikizo kubwa ufike karibu asilimia 20 ya mwendo wake mkubwa. Mtu asiyejua hudhani kungoja huko ni desturi tu. Ukweli ni kwamba hewa inayoingia kwenye injini ya jeti ina kazi mbili, na kuunguza mafuta ndiyo kazi ndogo. Sehemu kubwa ya hewa haiungui kamwe. Hupita pembeni ya ulimi wa moto, ikiukumbatia na kuusukuma mbali na kuta, kisha huchanganyika nao ili moshi ukifika kwenye mabapa ya nyuma uwe na joto ambalo chuma kinaweza kulivumilia. Ukitoa mafuta kabla hewa haijatosha, moto utawaka, tena utawaka vizuri sana, ila hautakuwa na wa kuushika mkono. Utayalamba mabapa ya nyuma. Sekunde chache za kulambwa hivyo zinaweza kula maisha ya chuma kilichotengenezwa kwa miaka.

Kwa hiyo unangoja. Wakati huo huo viwashio vinagonga, tiki, tiki, tiki, cheche za umeme zinazosikika hadi nje ukiwa karibu. Kisha mkono mbele kule unasukuma kishikio, na mafuta yanaingia.

Mafuta yenyewe ni ndugu wa mafuta ya taa. Yeyote aliyesomea kwenye koroboi Kajiado anaijua harufu ya uwanja wa ndege kabla hajawahi kufika uwanja wa ndege. Ndani ya JT8D yanapuliziwa kama ukungu kwenye mikebe tisa iliyopangwa duara kuzunguka mhimili, na kati ya mikebe hiyo tisa ni miwili tu yenye viwashio: wa nne na wa saba. Ile saba mingine haina cheche yake. Imeunganishwa na jirani zake kwa vijibomba vifupi, na moto hupita humo kutoka mkebe hadi mkebe. Niliposikia hivyo nilimkumbuka bibi yangu akinituma boma la jirani na kigae, nilete kaa la moto kwa sababu letu limezimika usiku. Wahandisi wa Marekani walilipa jambo hilo jina la kiufundi. Kwetu ni ujirani.

Kushika kwa moto kuna sauti yake, na haifanani na mlipuko. Ni mguno, vuu, kama mtu mzito anayejitupa kwenye kochi. Unausikia kifuani kabla haujafika masikioni. Baada yake mluzi unapata rafiki. Mlio unaanza kupanda, kwanza mnene, halafu mwembamba, na sasa injini inajizungusha kwa nguvu zake yenyewe huku upepo wa kuazima ukiendelea kuisaidia. Ikifika kati ya asilimia 35 na 40, ule upepo unakatwa. Mluzi unaanguka ghafla na pengo lake linasikika, kama mzazi aliyeachia baiskeli ya mwanawe bila kumwambia. Mlio unasita nusu pumzi, kisha unapanda peke yake mpaka unatulia. Kuanzia vidole vilipoinuka, haijafika dakika moja.

*

Nilimuuliza mzee alikuwa akisikiliza nini hasa. Alinijibu kwa namna ya wafugaji, kwa kuanza na ugonjwa.

Kuna kuwaka kwa moto mkali, alisema, pale joto la moshi linapopanda haraka kuliko mwendo. Saa ya mbele itaonyesha, lakini sikio humwambia mtu mapema kidogo, kwa sababu mlio haukui pamoja na mngurumo. Moto unaongea, mhimili umenyamaza. Kuna kukwama: injini imewaka, imeanza kupanda, halafu inabaki pale pale, inaguna kwa sauti moja kama punda aliyekataa kilima. Asiyejua atadhani inajikusanya. Anayejua anakata mafuta, kwa sababu joto haliachi kupanda hata mwendo ukisimama. Na kuna kulowa: mafuta yameingia, viwashio vimegonga, lakini ule mguno haukuja. Sekunde zinakwenda na injini inajaa mvuke wa mafuta ya taa.

Dawa ya kulowa ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Unakata mafuta, halafu unaendelea kuizungusha kwa upepo peke yake, mpaka uyapulize yote yatoke nyuma. Ikitokea ulimi wa moto umechungulia kwenye bomba la mkia, dawa ni hiyo hiyo: mafuta yafungwe, upepo uendelee. Mtu wa kawaida angefikiri upepo utauchochea. Ndani ya injini, ukishanyimwa mafuta, upepo ndio unaouzima na kuupeleka nje. Upepo unatangulia moto, na moto ukikosea, upepo ndio unaosafisha.

Tena usisahau kwamba injini zilikuwa nne. Ya kwanza kuwashwa husikika kwa uwazi, kama kengele ya ng'ombe alfajiri. Ya pili inawashwa huku ya kwanza ikilia ubavuni mwake. Ikifika ya nne, fundi ana milio mitatu kichwani na anatafuta mguno mmoja chini yake. Nikasema hilo haliwezekani. Akanionyesha kundi lililokuwa likivuka barabara kwenda mnadani, ng'ombe labda mia mbili wa wenyewe mbalimbali, vumbi, kengele, mbinja, malori yakipiga honi. "Muulize yule kijana kama hasikii ng'ombe wake," alisema. Sikumuuliza. Nilimwona kijana mwenyewe akigeuza kichwa upande ambao mimi sikusikia lolote, akaenda, akarudi na ndama.

*

Kwa nini injini za zamani zililia vile, na za leo hazilii hivyo?

Mlio mwembamba hutoka mbele, kwa mabapa yanayoikata hewa. Ukiwa na mabapa 30 na yanazunguka mara 100 kwa sekunde, hewa inapigwa mara 3,000 kila sekunde, na sikio husikia hiyo kama sauti moja ya juu. Mwendo ukibadilika, sauti nayo hubadilika, ndiyo maana kuwasha injini ni wimbo unaopanda ngazi. Mngurumo wenyewe, ule wa kutikisa madirisha wakati wa kuruka, hutoka nyuma, pale moshi unaotoka kwa kasi kubwa unapogongana na hewa iliyotulia. Mwingereza James Lighthill aliandika hesabu yake mwaka 1952, mwaka ule ule Comet ilipotua Entebbe. Alionyesha kuwa nguvu ya kelele hiyo hupanda kwa kipeo cha nane cha kasi ya moshi. Ongeza kasi mara mbili, na nguvu ya kelele inaongezeka mara 256.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoandika historia ya milio yote iliyofuata. Avon ya Comet ilipitisha hewa yote ndani ya chumba cha moto na kuitoa kwa kasi. Ilipiga kelele kama kitambaa kinachochanwa kutoka upeo hadi upeo. Conway ilipitisha sehemu pembeni, na mngurumo wake ukawa na tumbo. JT8D ilipitisha pembeni karibu sawa na iliyopita ndani, na bado ilipasua anga. Boeing 787 za Kenya Airways, zilizoanza kuja mwaka 2014, zina injini za GEnx zinazopitisha pembeni takriban mara tisa ya hewa inayopita kwenye moto. Feni kubwa inasukuma hewa nyingi taratibu badala ya hewa kidogo kwa hasira. Kelele imeshuka, mafuta yameshuka, na mtu anayelala Embakasi halazimiki tena kushika vikombe kabatini.

Sisi huku tuliusikia mlio wa zamani kwa muda mrefu kuliko wengi. Ulaya na Marekani zilipoweka sheria kali za kelele, DC-9, Boeing 727 na 737-200 nyingi zilikuja kumalizia umri wao Afrika. Nairobi ilikuwa na DC-9 za abiria za shirika la African Express, na shirika la Astral lilibeba mizigo kwa DC-9 na 727. Mtu aliyekuwa Mlolongo au Syokimau, karibu na uwanja, wakati 727 iliyojaa mizigo inaondoka hakuhitaji kuinua kichwa kujua ni nini. Ndege ile ilikuwa na tabia zake. Mtambo wake mdogo wa kutoa hewa uliwekwa katikati ya mashimo ya magurudumu, ukafanya kazi ardhini tu. Na injini yake ya katikati ilivuta pumzi kupitia njia iliyopinda kama shingo ya bata, kutoka juu ya mgongo hadi mkiani. Mafundi walioilea waliijua kama mtu anavyomjua ngamia: mkaidi, na hakuachi jangwani.

*

Shirika la Afrika Mashariki lilivunjika mwanzoni mwa 1977, wale ndugu watatu waliposhindwa kuelewana. Kenya Airways iliundwa tarehe 22 Januari mwaka huo, na safari zake za kwanza zilifanywa kwa Boeing 707 mbili za kukodi. Super VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza. Huko jeshi la anga lilizinunua, likazing'oa viti, likazijaza matangi na kuzigeuza kuwa ndege za kuzinywesha nyingine mafuta angani. Zilipewa namba mpya, ZA147 hadi ZA150. Injini zilizowahi kuamka kwa vidole vya watu wa Embakasi zikaamshwa kwa miaka mingine zaidi ya 25 na watu wasiojua neno la Kiswahili.

Ya mwisho kutengenezwa kati ya VC10 zote 54 ilikuwa ya kwetu: 5H-MOG, ya alama ya Tanzania. Ikiwa ZA150, ilitua Dunsfold, kusini mwa London, Septemba 2013, miongoni mwa VC10 za mwisho kabisa kuruka duniani. Haikukatwa vyuma. Wapenzi wake waliitunza, na mbele ya watu waliokuja na viti vya kukunja na chupa za chai wameziwasha tena Conway zake.

Hilo lilinipa wazo. Nilitafuta video moja ya injini za Conway zikiwashwa, nikaipakua, nikamngoja mzee kwenye hoteli moja ya Bisil inayotazama barabara. Alikuja, tukasalimiana. "Sopa, Mzee." "Ipa." Chai ikaletwa, na mandazi. Upande wa kusini mlima wa Ol Doinyo Orok ulikuwa na kofia ya mawingu. Nilimweleza kuwa ndege za siku hizi, kama hizo 787, hazitumii hata upepo wa kuazima. Injini huzungushwa na mota za umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua lini mafuta yaingie. Nilidhani atasikitika.

"Kompyuta inangoja?" aliuliza.

"Inangoja."

"Basi kuna mtu aliyeifundisha kungoja." Akapuliza chai yake.

Nikamwekea simu sikioni. Hakutazama picha, alifumba macho. Hoteli ilikuwa na kelele zake: sufuria, redio, kondakta wa matatu akiita Kajiado, Kitengela, Kitengela wawili. Nikausikia mluzi kidogo ukitoka kwenye simu, kisha sauti nzito chini yake. Mkono wake wa kulia uliinuka kutoka mezani, vidole vikazunguka hewani polepole, duara dogo. Mhudumu aliyepita alidhani anaitwa. Mzee hakumwona. Vidole vilizunguka, vikazunguka, na mimi nikajikuta nimeshika pumzi.

"Mpe," alisema.

Sekunde moja ikapita, labda na nusu. Halafu simu ikaguna.

Alifumbua macho, akanirudishia simu yangu, akachovya andazi kwenye chai. "Wamengoja vizuri," alisema, kisha akaniuliza bei ya mbuzi Kitengela ikoje wiki hii.